Mama Mwenye Nyumba na Wapangaji wa Kwenye Simu

Alizaliwa wapi na mwaka gani sijui, na mpangaji wa mwisho aliyemuuliza umri alipewa notisi. Notisi zake zilitoka siku ya Jumapili, akirudi kanisani, bado amevaa viatu vya kisigino, amesimama katikati ya ua ili vyumba vyote visikie. Alitaja chumba, akataja kosa, akasema mwisho wa mwezi asione mtu hapo. Kufikia katikati ya wiki alikuwa amesahau, au anajifanya amesahau, na yule aliyefukuzwa alikuwa anaombwa amsaidie kukamata kuku. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye nyumba ile ya Mabibo sikuona hata mtu mmoja akihamishwa. Mimi nilifukuzwa mara nyingi kuliko wote, na mimi ndiye niliyekaa kuliko wote.

Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa vyumba. Kulikuwa na Wa Mbele, kijana wa ofisini mwenye mashati mengi, na kulikuwa na Wa Kona, na mimi, karani wa duka la vinyago pale Mwenge, nilikuwa Wa Uani kwa sababu dirisha langu lilitazama karo la kufulia. Nasi tulimwita Mama Mwenye Nyumba, wala hakukasirika. Hata kwenye jumuiya ya kanisani, wenzake wakijitambulisha kwa majina ya ubatizo, yeye alijitambulisha hivyo hivyo. Alikipenda cheo hicho, na alikuwa na sababu yake, ambayo nitaifikia.

Sebuleni kwake kulikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye mikono mipana, kilichowekwa kutazama mlango. Hicho kilikuwa chake. Ukiingia na shida yako ulikaa kwenye kochi la pembeni, ukazungumza ukiwa umekunja shingo kumtazama. Mgeni mmoja wa Wa Kona aliwahi kukikalia kwa kutojua, na Wa Kona akapewa notisi siku isiyo Jumapili. Juu ya kiti hicho kulining'inia feni ambayo sikuwahi kuiona ikizunguka. Palikuwa na nyingine juu ya makochi, nayo vivyo hivyo. Joto la Dar wote mnalijua. Yeye alijipepea kwa kifuniko cha ndoo akasema upepo upo mwingi, watu ndio wavivu.

Umeme ndio ulikuwa ugonjwa wake. Nyumba nzima ilitumia mita moja ya Luku, na kila uniti zilipokaribia kuisha alianza msako. Alipita mlango kwa mlango taratibu, kandambili mkononi, akisikiliza. Alidai anaweza kusikia pasi. Nilimwambia pasi haina mlio, akasema inao, ila mimi sina masikio. Siku moja alinishika mimi kwa pasi ambayo ilikuwa ya Wa Mbele, akanisema kuanzia karoni mpaka getini, na majirani wakatoka kuangalia. Kesho yake ukweli ulijulikana. Hakuniambia neno. Niliporudi kazini nilikuta ndoo yangu imejazwa maji pomoni mlangoni, wiki ambayo bomba lilikuwa halitoi hata tone.

Hivyo ndivyo alivyoomba radhi. Neno lenyewe halikumtoka. Ungekuta ndoo imejaa, au nguo zako zimeanuliwa kabla ya mvua, au sahani ya mihogo ya nazi juu ya dirisha, imefunikwa. Ukienda kumshukuru alikuuliza unashukuru nini, na wewe ukanyamaza ukala mihogo yako.

Simu ililetwa na mwanawe mkubwa. Ilikuwa simu ya kisasa, kioo kitupu mbele na nyuma, na alipoipokea aliigeuza mara kadhaa akitafuta vitufe. Kitochi chake, kile kisimu cha zamani chenye vitufe, hakukiacha. Cha kupiga na kupokea kilibaki kuwa hicho, maana hakuona sababu ya sauti ya mtu kupita kwenye kioo. Ile mpya ilikuwa ya picha za jumuiya, salamu za asubuhi zenye maua, na kutazama nani kafanya sherehe bila kumwalika. Fundi wake nilikuwa mimi, kwa kosa dogo sana. Alinisikia nikimwambia Wa Mbele azime simu yake aiwashe, na simu ya Wa Mbele ikapona. Basi. Ujuzi wangu wote ulikuwa ni huo wa kuzima na kuwasha, na usiposaidia nilibonyeza hapa na pale huku nimekunja uso nionekane najua.

Alichonishinda ni kwamba yeye alikuwa na nadharia. Siku ya kwanza nilipomwonyesha programu zilizomo ndani, zimejipanga safu kwa safu, kila moja na kijumba chake, aliangalia kwa muda, akauliza:

"Hawa wote wanakaa humu?"

Nikasema ndiyo.

"Na nani kawapangisha?"

Nyingine zilikuja na simu, nyingine mwanawe alizipakua, nyingine zilijiingiza zenyewe kwa kubonyezwa bahati mbaya wakati anatafuta picha. Yeye aliona jambo hilo halivumiliki, kuwa na nyumba iliyojaa watu ambao hukuwahoji. Na yeye alikuwa mtu wa kuhoji. Kabla hujapewa chumba kwake ulikalishwa kwenye kochi ukaulizwa unafanya kazi wapi, unapikia nini, unaoga saa ngapi, na yule uliyekuja naye ni nani yako. Kuanzia siku hiyo programu zikakalishwa kwenye kochi.

Ya kwanza ilikuwa tochi. Mwanawe alimwekea tochi ya kupakua, yenye rangi nyingi, ingawa simu ilikuwa na tochi yake. Ilipofunguliwa ikaomba ruhusa ya kuona majina na namba za watu wake. Aliisoma ruhusa ile kwa sauti, silabi kwa silabi, akaniangalia.

"Tochi inataka majina ya watu wangu ya nini? Inakwenda kuwamulika?"

Ikafukuzwa siku hiyo hiyo. Ikafuata moja ya kupima hatua, iliyotaka kujua anakwenda wapi, akasema hata marehemu mume wake hakuwa akimuuliza. Ikafuata moja ya mapishi, iliyotaka kuona picha zake. Kila simu ilipouliza ruhusa, kulikuwa na neno moja pembeni, Ghairi, na neno hilo alilipenda mno. Alilibonyeza kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka nikahofia kioo. Mimi kwa siri nilimpenda sana kwa hilo, kwa sababu simu yangu mwenyewe nimeikubalia kila kitu bila kusoma.

Lakini mtu anayefukuza sana hukosea. Kuna siku alinionyesha programu moja akasema huyu hajamuona akifanya kazi yoyote tangu ahamie, halafu akaizima mbele yangu. Nilikuwa nakunywa chai yake, sikuwahi kuangalia. Kumbe ilikuwa ndiyo kibodi. Siku mbili tatu hakuweza kuandika hata salamu, na kwa kuwa hakutaka kukiri, alijibu kila mtu kwa picha ya ua. Mwenyekiti wa jumuiya alimtumia ujumbe kwamba kafiwa na shemeji yake, akapelekewa waridi lenye maandishi ya kumtakia wiki njema. Nilipoirudisha kibodi aliiambia, kwa sauti, kwamba safari hii imesamehewa, lakini ijitokeze watu waione.

Siku nyingine lilikuja tangazo jekundu, likimeta, likisema simu yake imejaa virusi. Nilikuwa kazini Mwenge. Yeye alijua la kufanya, kama anavyojua kila mwenye nyumba wa Mabibo ambaye godoro lake limewahi kuingia kunguni. Alitandika mkeka uani, akatoa simu kwenye kava, akaianika. Mchana kutwa. Aliigeuza upande wa pili ilipofika saa nane. Niliporudi niliikuta imezimika, imeandika kwamba joto limezidi, na pembeni yake ameweka godoro la chumba cha wageni, kwa kuwa jua lilikuwa zuri na ilikuwa hasara kulitumia kwa kitu kimoja. Tangazo halikurudi tena. Sababu ni kwamba nililifunga mimi, lakini mpaka leo mtaani inajulikana kwamba simu ikiingia virusi huanikwa.

Furaha yake kubwa kuliko zote aliipata kwenye ukurasa wa betri. Alilalamika kwamba chaji inaisha upesi, nami nikamfungulia pale panapoonyesha kila programu imekula kiasi gani. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema hiki ndicho kitu alichokuwa akikitafuta kwenye Luku maisha yake yote. Kama Luku ingeandika majina namna hii, alisema, pasi ya Wa Mbele ingekuwa imeshahama. Halafu akasoma nani anaongoza, na anayeongoza alikuwa ni kioo chenyewe. Akaniambia nikitoe.

Nilimweleza kwamba kioo ndiyo simu. Akasema hata bafuni ndiyo nyumba, lakini taa yake huzimwa. Tukaafikiana kupunguza mwanga mpaka mwisho, na baada ya hapo alikuwa akisoma meseji zake chini ya khanga, amejifunika kichwa kizima, na wapita njia walidhani yuko kwenye maombi.

Niliwahi kumuuliza kwa nini programu anazifukuza kweli na sisi hatufukuzi. Nilitania tu. Yeye alijibu akiwa anachambua mchele, bila kuinua uso, kwamba programu haina watoto wa shule. Sikutania tena siku hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo ni wifi.

Wifi yake, dada wa marehemu mume wake, aliishi Mbinga. Kwa wifi, nyumba ile ya Mabibo ilikuwa nyumba ya kaka yake. Alisema hivyo msibani, alisema hivyo kwenye arobaini, alisema hivyo kila alipoulizwa anafikia wapi akija Dar. Hakuwahi kudai kitu, tuseme haki. Alisema tu. Na Mama Mwenye Nyumba, aliyebeba matofali ya nyumba ile kichwani akiwa na mimba ya yule mwanawe mkubwa, kila aliposikia nyumba ya kaka yangu alihisi anafutwa. Ndiyo maana akajiita alivyojiita.

Mwanawe mkubwa alipooa, wifi alikuja na dagaa wa Nyasa gunia zima. Aliingia sebuleni, akatazama dari, akasema kaka angejenga vizuri zaidi kama asingeharakishwa. Siku ya harusi, shangazi huyo wa bwana harusi, ambaye nafasi yake ni meza ya mbele na sare ya kitenge cha wazazi, alijikuta amekalishwa nyuma kabisa, sikio moja limegusana na spika ya muziki. Mama Mwenye Nyumba alisema ni kamati iliyopanga viti. Kamati ilikuwa ni yeye. Wifi aliondoka kabla ya keki, na toka hapo hakupokea simu yake. Miaka ikapita hivyo.

Ikaja zamu ya binti. Binti wa mwisho, mpole, aliyependwa na kijana mmoja wa Gongo la Mboto, na wazee wa kijana wakaomba siku ya kuleta posa. Na kwao Mbinga posa ya binti haipokelewi bila shangazi. Anaweza akakosekana mjomba, anaweza akakosekana hata baba, lakini shangazi akisema hakuna, hakuna. Mama Mwenye Nyumba alijaribu kupitia kwa paroko, kwa mwanawe, kwa jirani wa wifi mwenye duka. Wifi alijibu kwamba yeye anamsubiri mwenye kosa, tena aseme kwa mdomo wake. Binti alikuwa hali chakula. Kila jioni alikaa karoni karibu na dirisha langu akifua nguo ambazo zilikuwa safi.

Mwisho binti ndiye aliyepata wazo. Alimwambia mama yake: "Usimpigie, atakata. Mrekodie voisi, mama. Mwambie samahani tu, halafu iachie."

Mama alikubali. Aliingia chumbani kwake na ile simu mpya, akafunga mlango. Tulikaa sebuleni, binti na mimi, tukijifanya tunatazama televisheni. Sauti yake ilianza chini sana, hatukushika maneno. Ikapanda. Ikapanda tena. Tulisikia matofali. Tulisikia mimba. Tukasikia, wazi kabisa, kwamba dari hilo lina miaka na halijavuja, na kama kuna mtu anajua kujenga zaidi akajenge kwake. Binti aliweka kichwa magotini. Mama alipotoka alikuwa anatokwa jasho, akasema ameshatuma, na kwamba imekuwa ndefu kidogo.

Jibu lilikuja kesho yake mchana. Lilikuwa la sauti, na Mama aliniita nilicheze mimi kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Nadhani aliogopa. Sauti ya wifi ilikuwa nzito, ya mtu aliyelia. Alisema amemsikia. Alisema hakujua kama uchungu ulikuwa mkubwa kiasi hicho, mtu kulia mpaka akakosa sauti. Alisema basi yaishe, anakuja, Ijumaa atakuwa ndani ya basi.

Binti alipiga magoti pale pale. Mama Mwenye Nyumba alibaki ameshika mwiko.

"Kulia?" aliuliza. "Nani kalia?"

Akanipa simu. Akasema mtu ukimtukana akakushukuru, basi kuna kitu kibovu ndani ya mashine, nikiangalie. Nikaufungua ule ujumbe aliotuma, nikaubonyeza. Mstari ukaanza kutembea. Hakukuwa na kitu. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, tukainamisha vichwa watatu, na hakukuwa na hata mguno. Ulitembea dakika kadhaa kimya, ukafika mwisho.

Hapo ndipo nilipokumbuka mabati. Wiki kadhaa nyuma alikuwa amezungumza na jirani kuhusu bei ya mabati, na jioni simu ikamletea matangazo ya mabati. Alinijia amekasirika, akitaka kujua ni mpangaji gani anayetega sikio mlangoni. Nilimwambia simu ina maiki, na pale juu, ukishusha pazia, kuna kitufe cha kuifunga. Aliifunga mwenyewe kwa mkono wake. Toka siku hiyo simu ilipomuomba aifungue alibonyeza Ghairi. Na kwa kuwa kupiga alikuwa akipiga kwa kitochi, hakuna aliyejua. Ndivyo ilivyokuwa chumbani siku ile. Simu ilimuomba ruhusa ya kumsikia, akaikatalia, halafu akamwaga moyo wake wote kwenye mlango uliofungwa.

Nilimweleza. Binti alianza kucheka na kulia kwa pamoja, akisema ni Mungu, ni Mungu huyu. Mama hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake.

"Kwa hiyo hajasikia hata la kwanza?"

Nikamuuliza la kwanza lipi.

"Nilianza na samahani," alisema. "Nilisema, wifi, samahani. Ndo baadaye nikaharibu."

Niliumia, sitaficha. Mtu amekaa miaka yote hiyo akijaza ndoo za watu ili asiliseme neno lile, akalisema siku moja tu, na siku hiyo hakuna aliyelisikia. Nilitaka kumfungulia maiki alirudie. Akaniambia niiache kama ilivyo, kwanza afikiri.

Alichofikiri tulikijua Alhamisi. Alisema atamwambia wifi ukweli. Binti alimsihi. Mimi nilimsihi, nikamwambia, mama, mtu kashasamehe, wazee wanakuja Jumamosi, ukimwambia ulikuwa unamsema atachukua begi lake, na posa itarudi Gongo la Mboto. Wa Mbele naye alishirikishwa, akasihi na pasi yake mkononi, akafukuzwa. Mama alisema hatuelewi. Kusamehewa siyo ishu. Ishu ni kwamba Mbinga nzima sasa hivi inaambiwa yeye alilia. Yeye, kwa ajili ya kiti na spika. Atazikwa na sifa hiyo.

Wifi aliwasili Ijumaa jioni na dagaa wake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, anayezungumza taratibu. Wakakumbatiana getini kwa uangalifu, kila mmoja akiangalia bega la mwenzake. Usiku huo mambo yalipita kwa kuulizana habari za mahindi. Jumamosi asubuhi kina mama wa jumuiya walikuja kupika, na mimi niliitwa sebuleni kupanga viti, nikiwa nimebakiza wiki chache tu kuhamia Gongo la Mboto huko huko, ingawa nilikuwa bado sijapata ujasiri wa kumwambia Mama. Washenga walikuwa njiani. Binti alikuwa chumbani amevalishwa.

Wifi alikaa kwenye kochi na kikombe cha chai, akaanza kuwahadithia wale kina mama. Akasema nyie mnamuona huyu alivyo mkali, lakini ana moyo. Alinililia simuni, jamani, mpaka sauti haikutoka.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa kwenye kiti chake, anafunga kilemba. Niliona mikono ikisimama. Nikamtazama kwa macho ya kumuomba, na akaniona, akayapita.

"Sikulia, wifi," alisema.

Sufuria zilinyamaza. Akaeleza yote. Maiki, mabati, mlango, matofali, dari. Hakupamba, hakujitetea. Alisema kimya kile hakikuwa machozi, kilikuwa mashine imefungwa, na ndani ya kimya kile yeye alikuwa anapiga kelele. Kutoka chumbani tulisikia kitu kikianguka, nadhani ni kiatu cha binti.

Wifi aliweka kikombe chini. Alifungua pochi, akatoa simu yake, ndogo, kioo kina ufa, akautafuta ule ujumbe, akaubonyeza, akailaza simu juu ya meza. Tukausikiliza sote, kina mama na miko yao, mimi na kiti nimekibeba. Nje jirani alikuwa anapiga muziki wa singeli. Mama Mwenye Nyumba aliinama, na mstari ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza kutembea, akaweka kidole juu ya kioo.

"Hapa," alisema. "Hapa nilisema samahani."

"Nimesikia," wifi akajibu.

Mstari ukaendelea. Ulipofika katikati Mama alitazama pembeni, akasema hapo asisikilize. Wifi hakuiondoa simu.

"Hapo ndo nakusikia vizuri, wifi. Miaka yote hii, si nakujua?"

Ukafika mwisho. Wifi akairudisha simu kwenye pochi, akauliza, bila ukali, leo yeye kiti chake kiko wapi.

Nilikuwa nimekishika kimoja, nikafungua mdomo. Mama Mwenye Nyumba alikuwa ameshainuka. Alikipangusa kile kiti chake cha mbao kwa pindo la khanga, mkono mmoja kisha wa pili, kisha akasogea. Wifi akakaa. Miguu yake haikufika chini vizuri. Mama akaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumuona akisimama kukiwa na wageni.

Washenga walibisha hodi muda si mrefu. Wazee watatu, makoti mazito, majasho yanawatiririka. Aliyewajibu alikuwa ni yule aliyekaa kwenye kiti kinachotazama mlango.

"Karibuni," wifi alisema. "Karibuni nyumbani kwa wifi yangu."

Mama Mwenye Nyumba hakugeuka kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi, kilemba kimemkaa upande, macho yamejaa.

"Wa Uani," aliniambia. "Washa feni. Zote mbili."